Mwiko wa Siku Ishirini na Moja

Jumamosi ya tarehe mbili Septemba simu haikulia.

Ilikuwa siku yangu ya tatu nyumbani tangu nitoke hospitali. Mume wangu, Baba Dasom, alikuwa ameazima kitanda kwa jirani, kwa sababu daktari alisema mtu aliyekatwa tumbo asilale chini akapata taabu ya kuinuka. Miaka sitini na miwili nimelala sakafuni. Juu ya kitanda kile nilijiona kama mzigo uliosahauliwa juu ya meza. Simu ilikuwa kando ya mto. Saa moja asubuhi ikafika, ikapita.

Dada yangu Geumrye alikuwa akinipigia kila siku saa moja, tangu mumewe afariki, miaka kumi na mmoja sasa. Nyumba yake iko ng'ambo ya kijito, dakika kumi na mbili kwa miguu, na bado alipiga. Swali lilikuwa moja: "Umekula?" Nikisema nimekula, anauliza nimekula nini. Nikisema sijala, ananitukana. Basi, anakata.

Mwezi Agosti, nilipoondolewa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula kwa ajili ya uvimbe mbaya, swali likabadilika. Mtu aliyekatwa tumbo hapewi hata maji mpaka upepo utoke chini, ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka. Nesi anauliza, daktari anauliza, na Dada naye, kwa sauti ambayo wagonjwa wenzangu wote wanne waliisikia kwenye simu:

"Umejamba?"

"Bado, Dada. Punguza sauti."

"Nipunguze sauti kwa nini, umeiba? Tembea! Wewe ukilala na utumbo unalala."

Nilitembea. Siku ya tatu upepo ulipotoka nilimpigia yeye kabla sijamwambia nesi.

"Kubwa au dogo?"

"Dogo."

"Dogo nalo ni lako. Kubwa litakuja na uji."

Sasa saa moja na nusu ilikuwa imepita. Nikapiga mimi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikamwita Baba Dasom. Alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anaosha mchele.

"Dada hajapiga."

Aliosha kidogo zaidi. Kisha akasema, bila kugeuka, "Nilisahau kukwambia. Ameondoka usiku. Kijun amemwita aende Ulsan. Mkewe amejifungua."

Kijun ni mtoto pekee wa Dada. Mkewe, Yeseul, alitegemewa kujifungua mwezi wa kumi na moja.

"Mbona mapema hivyo!"

"Ndiyo, mapema. Mtoto mdogo, lakini mzima. Mvulana."

"Na simu?"

"Amesema hatapokea simu mpaka siku ishirini na moja ziishe. Hasa yako." Hapo akageuka, akanitazama kidogo, akarudi kwenye mchele. "Wewe umepita kwenye kisu, yeye yuko na kichanga. Unamjua dada yako."

Nilimjua. Nilicheka mpaka mshono ukauma.

Dada yangu alikuwa amekufa saa kumi na moja alfajiri ya siku ile. Baba Dasom alipigiwa simu, akatoka uani kuipokea, akarudi ndani, akaosha mchele. Mimi nilikuja kujua siku ya kumi na tisa, tena si kwa mdomo wake.

Nataka kuandika jinsi nilivyoamini, kwa sababu Kijun ameniuliza, na wengine wanauliza kwa macho: mtu mzima kama mimi aliaminije?

Mimi nilikuwa na miaka mitano na Dada tisa mama yetu alipojifungua mdogo wetu wa kiume. Bibi alisokota kamba ya mabua ya mpunga kwa kuizungusha kushoto, akapachika pilipili nyekundu, alama ya mvulana, akaitundika mlangoni. Siku ishirini na moja hakuingia mtu wa nje. Mleta barua alisimama barabarani akapiga kelele. Mtu aliyetoka msibani alipita upande wa pili wa njia, ameinamisha kichwa. Mimi wiki ile nilikuwa nimepasuliwa jipu la goti, na Bibi akasema mwenye jeraha la chuma hakai paa moja na kichanga, wala sauti yake isisikike mle ndani. Nikapelekwa kwa shangazi. Nilikaa huko siku zote ishirini na moja. Siku ya kumi mdogo wetu alipata homa, akanusurika, na Bibi akasema unaona, je angekuwepo yule mwenye goti?

Dada hakusahau. Nilipomzaa Dasom alisokota kamba mwenyewe, akakaa mlangoni na kigoda chake kama askari wa lindo, akamfukuza hata mama mkwe wangu aliyekuwa ametoka kumwona mgonjwa. Siku hizi vijana wanajifungua hospitali na kabla ya jioni picha ya mtoto imefika kwa watu mia. Dada alikuwa akitikisa kichwa. "Wanamtangaza mtoto kama punguzo la bei."

Kwa hiyo nilipoambiwa hatazungumza nami siku ishirini na moja, niliona ni yeye kabisa. Nilikasirika kidogo, nikafurahi zaidi. Nikachukua kalenda ya chama cha ushirika, nikazungushia tarehe ishirini na mbili.

Siku zile zilikuwa nzuri, nasema hivyo kwa uchungu. Joto lilikuwa limevunjika. Asubuhi umande ulilala mweupe kwenye majani ya figili, na kereng'ende wekundu walitua juu ya kamba ya nguo wakati Baba Dasom akitandaza pilipili kwenye turubai. Mpunga ulianza kuinama. Nilikula uji wa mchele mara sita kwa siku, bakuli la ukubwa wa ngumi, kila kijiko kutafunwa mara thelathini hata kama hakuna cha kutafuna. Nilifunga mkanda wa tumbo, nikatembea mpaka mti wa persimoni na kurudi, kesho yake mpaka ghala, kesho yake mpaka barabarani. Kila jioni nilimwambia Baba Dasom nilipofika. Alinisifu.

Jumatatu ile ya kwanza alivaa suti nyeusi.

"Unakwenda wapi umevaa hivyo?"

"Mkutano wa ushirika. Bei ya pilipili."

Alirudi jioni sana. Alipoinama kunirekebishia mto, nguo zake zilinuka moshi mtamu.

"Mmechoma dawa ya mbu huko?"

"Eeh, ukumbini. Mbu wengi."

"Mbu gani Septemba? Si wanasema umande ukianza mbu mdomo wake unapinda?"

"Waliopinda midomo ndio wana hasira," akasema, akacheka. Nakumbuka kwamba alicheka.

Siku ya nane nilikumbuka supu ya mwani. Mzazi hunywa supu ya mwani wiki tatu, na mwani wa mzazi haukunjwi wala haukatwi; hununuliwa mrefu kama ulivyotoka baharini, ili maisha ya mtoto yasikatike. Nilimtuma Baba Dasom sokoni. Alileta kifurushi kirefu kama fimbo. Niliandika kwa mkono wangu, "Kwa Yeseul, ushukuru mama mkwe uliye naye," nikampa apeleke posta.

"Na pilipili za kamba," nikasema. "Chagua nzuri, zisizo na doa. Dada hatakuwa amepata nzuri huko mjini."

Alizichagua. Alikaa uani nusu saa nzima akichagua pilipili za kamba ya mtoto, mimi nikimtazama dirishani.

Jirani yetu Mama Byeonggu alikuja na uji wa boga, dawa ya kushusha uvimbe wa mwili baada ya kisu. Ni mwanamke mwenye sauti ya kuuzia samaki, na siku ile alizungumza kama yuko maktaba.

"Umesikia Dada amepata mjukuu?" nikamwambia.

Alimtazama Baba Dasom. Baba Dasom alitazama bakuli.

"Nimesikia," akasema. "Mvulana, eti?"

"Mvulana. Sijui atafanana na nani."

Mama Byeonggu akaanza kutokwa machozi. Akafuta kwa kiganja, akafuta tena.

"Nimetoka kukata vikonyo vya pilipili," akasema. "Sikunawa vizuri. Za mwaka huu kali, kali kweli."

"Osha na maziwa," nikamwambia mimi. Ndivyo nilivyosema.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Jumatano. Baba Dasom alikuwa nyuma ya ghala. Nilijisikia na nguvu, na nikawaza mitungi ya sosi ya Dada iliyoko uani kwake. Mtungi wa sosi ya soya hufunuliwa kwenye jua na kufunikwa kabla ya umande. Wiki tatu hayupo, nani anaifunua? Nikafunga mkanda, nikachukua mwavuli uwe fimbo, nikavuka daraja. Nilipumzika mara nne. Nilikuwa nikipanga jinsi nitakavyojisifu: Dada, nimekuja mpaka kwako kwa miguu yangu.

Gari la Kijun lilikuwa limesimama uani. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na nguo za Dada zilikuwa zimefungwa mafungu mafungu barazani. Yeseul alitoka akiwa amebeba sanduku la viatu.

Tumbo lake lilikuwa kubwa mbele yake.

Nilimtazama tumbo, naye alinitazama uso. Kwenye nywele zake, juu ya sikio, palikuwa na utepe mdogo mweupe wa katani, ule wanaofunga wanawake waliofiwa na mzazi.

"Mama mdogo," akasema. "Mama mdogo, nani amekuruhusu kutembea?"

"Mtoto yuko wapi?" nikauliza. Nilikuwa naliona tumbo, lakini mdomo ulikuwa bado kwenye habari niliyopewa.

"Mtoto gani?"

Kijun akatoka nyuma yake, hajanyoa. Akaniona, akapiga magoti pale pale kwenye udongo, kama anavyofanya mfiwa mwanamume mbele ya anayekuja kutoa pole. Hapo sikuhitaji neno.

Nilikaa barazani juu ya mafungu ya nguo. Kijun alieleza huku ameshika soli ya kiatu changu. Ini. Mama yake alijua tangu mwezi wa tano. Hakutaka dawa ya kurefusha siku. Mazishi yalikuwa ya siku tatu, kama kawaida, na kijiji kizima kilikwenda. Majivu yako hekaluni, mlimani, yanasubiri siku ya arobaini na tisa ndipo yazikwe kando ya baba yake. Kila siku ya saba mtawa anasoma, na mbili zilikuwa zimeshapita.

"Dasom alikuja?" nikauliza.

Kijun aliachia kiatu changu. "Alilala hapa."

Binti yangu alitoka Seoul, akalala ng'ambo ya kijito usiku tatu, dakika kumi na mbili kutoka kitandani kwangu, na hakuja kuniona kwa sababu macho yake yalikuwa yamevimba na ningeuliza.

Nilirudi peke yangu. Kijun alitaka kunipeleka kwa gari nikakataa. Alinifuata nyuma kwa miguu mpaka darajani, akasimama.

Baba Dasom alikuwa anageuza pilipili kwa reki. Aliponiona natokea upande ule, aliiweka reki chini taratibu, kama kitu cha kuvunjika.

"Mama Dasom. Kaa kwanza."

"Sikai."

"Mshono..."

"Mshono wangu mzima. Alifia wapi?"

"Hospitali."

"Ipi?"

Aliitaja. Ni ile ile niliyokatwa mimi.

"Ghorofa ya saba," akasema. "Aliingia siku tatu baada yako."

"Mimi nilikuwa ya tano."

"Ndiyo."

Nililazwa pale siku tisa. Kila siku nilizunguka ukumbi mara ishirini nikivuta nguzo ya dripu, kwa sababu Dada aliniambia nitembee. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na lifti. Kila mzunguko nilikuwa nagusa ukuta kando ya lifti, nageuka.

"Ulikuwa ukisema unakwenda kuvuta sigara," nikamwambia. "Nilikugombeza. Nikasema umeacha miaka minne na sasa unarudia mimi nikiwa nimekatwa. Kumbe ulikuwa huvuti."

"Nilikuwa navuta pia."

"Alinipigia kila asubuhi akasema yuko shambani. Nilisikia upepo."

"Alikuwa akimwambia nesi afungue dirisha," akasema. "Ili usikie."

Nilishika turubai, nikakaa juu ya pilipili. Hakuthubutu kunisogelea.

"Daktari alisema usipate mshtuko," akasema.

"Daktari alisema nisinyanyue ndoo. Hakusema nisimzike dada yangu."

"Yeye mwenyewe alituamuru! Alinishika hapa." Akaonyesha mkono. "Akasema, shemeji, mdogo wangu Bongnim akijua atang'oa mirija apande juu, na tutazika wawili. Niapie. Ungefanya nini ungekuwa mimi?"

"Ningekwambia."

"Na je, ungeanguka?"

"Ningekuwa wewe, wewe ndiye ungeambiwa, si mimi. Ningekwambia, halafu ningekushika usianguke. Tumeoana kwa kazi gani nyingine?"

Nikamuuliza, "Na mtoto? Mtoto naye ni amri yake?"

"Hapana."

"Huyo ni wako."

"Uliuliza ghafla. Nilikuwa naosha mchele. Nilitafuta kitu..." Akajikuna shingo. "Nilijua huo mwiko hutauvunja. Mingine yote ungeivunja, lakini huo hapana."

Alisema hivyo kwa upole, karibu kama mtu anayenisifu. Hapo ndipo ninapokwama hata leo. Angesema simu yake imeharibika, ningevuka daraja kesho yake. Angesema Dada ameniudhikia, ningekwenda kwa kutambaa. Alitafuta ndani yangu kitu ninachokiheshimu, akanifungia mlango kwa kitu hicho hicho. Na mimi nikashikilia kitasa kwa upande wangu, siku kumi na nane, nikihesabu kwenye kalenda.

"Ningekwambia Ijumaa," akasema. "Siku zikiisha."

"Ulikuwa unahesabu pia?"

"Nilikuwa nahesabu."

Jioni alimpigia Dasom akaniwekea simu sikioni bila kuniuliza.

"Mama, sote tulikubaliana ni kwa ajili yako," Dasom akasema, analia.

"Sote nani?"

"Sote. Baba, mimi, Kijun, hata mama mkubwa mwenyewe."

"Mimi sikuwemo," nikasema, nikampa baba yake simu.

Ule mwani niliukuta kesho yake kwenye gari, nyuma ya kiti, chini ya majembe. Barua yangu ilikuwa bado juu yake. Ulikuwa umevunjika vipande viwili.

Ijumaa ilikuwa tarehe ishirini na mbili, siku niliyoizungushia. Ilikuwa pia siku ya saba ya tatu ya Dada, ya kusomewa na mtawa. Niliamka nikavaa nyeupe. Baba Dasom alisimama mlangoni ameshika funguo za gari.

"Ngazi za hekalu ni kali. Hata watu wazima wa afya wanahema. Ngoja siku ya arobaini na tisa, utakuwa umepona, nitakubeba mgongoni."

"Ulishanibeba vya kutosha."

"Basi nikupeleke mpaka chini."

"Nitapanda basi."

Kituoni alikuwepo Mama Byeonggu. Nadhani Baba Dasom alimpigia, maana hakuwa na kapu wala safari.

"Usiende, Mama Dasom," akasema. "Mgonjwa hasogelei ibada ya maiti. Marehemu humvuta. Hilo nalo ni mwiko, wewe unajua."

"Mwiko nimeshaushika wa mtoto ambaye hajazaliwa. Huu sina nafasi nao."

"Atakuvuta, nakwambia."

"Na anivute. Maisha yake yote alikuwa ananivuta masikio."

Alitaka kucheka akajizuia. Nikamwambia lililokuwa kifuani: "Ulikula chakula cha msiba wa dada yangu, ukaja kwangu na uji wa boga."

"Nilikula," akasema, sasa kwa sauti yake halisi ya sokoni, mpaka dereva akageuka. "Nilikula supu ya nyama bakuli mbili, nikalia mpaka nikaaibika, halafu nikaja kwako nikadanganya. Nilikuwa nimeambiwa ukijua utakufa. Ulitaka nifanyeje, nikuue? Nitukane basi! Nitukane, lakini nipe huo mfuko, umeambiwa usibebe kitu."

Sikumtukana. Sikumpa mfuko pia, aliunyakua mwenyewe. Alipanda ngazi nyuma yangu, mkono wake hauko mgongoni mwangu lakini uko karibu, nilihisi joto lake. Nilipumzika kila baada ya ngazi saba au nane. Mkanda ulinibana, jasho likashuka mpaka kiunoni, na mara moja niliona giza nikashika mti wa msonobari. Mama Byeonggu hakusema nimekwambia. Kwa hilo nimemsamehe kidogo.

Ndani ya hekalu ubani ulikuwa unawaka. Niliujua moshi ule. Ulikuwa wa suti ya Baba Dasom.

Picha ya Dada ilikuwa kati ya mishumaa na matufaha. Niliitambua mara moja: tuliipiga pamoja majira ya maua, kwenye safari ya kina mama wa kijiji, na ndani yake nilikuwa nimemshika bega kwa sababu alikuwa anacheka mpaka anapepesuka. Sasa alikuwa peke yake, nyuma yake rangi ya kijivu, bega lake laini, bila mkono.

"Mkono wangu uko wapi?" nikamuuliza Kijun.

Alichelewa kuelewa. "Ah. Mwenye studio aliufuta, mama mdogo. Alisema picha ya msiba haikai na mkono wa mtu mwingine. Wanajua kufuta siku hizi, huwezi kuona mahali."

Kweli, sikuona mahali. Alikuwa anacheka peke yake, bila sababu.

Kwenye basi nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumshukuru kwa viazi alivyonirushia juu ya ukuta wa shangazi, siku zile za goti, alipokuja kwa siri kila jioni kinyume cha amri ya Bibi. Nilitaka kusema nenda salama. Daktari alikuwa amenikataza kusujudu, nikasujudu nusu, viganja chini, na tumbo likavutika kama kamba. Nikafungua mdomo. Likatoka neno moja tu.

"Muongo."

Yeseul aliinua kichwa. Mtawa aliendelea kugonga kengele yake ya mbao. Nikasema tena, kwa nguvu kidogo, "Muongo wewe. Unanifungulia dirisha nisikie upepo." Kisha nikalia, nikalia vibaya, nimeshika mshono kwa mikono miwili ili usifumuke, na hakuna aliyenigusa mpaka nilipomaliza.

Hasira yangu kwake haijaisha. Baba Dasom alidanganya kwa sababu ya woga, na mwoga namwelewa, nimeishi naye. Lakini Dada alikuwa juu ya kichwa changu, ghorofa mbili, na kila asubuhi aliniambia nitembee. Alijua natembea kwenda wapi: mpaka kwenye lifti na kurudi. Alikuwa na nguvu za kuniaga, akazitumia kunidanganya.

Tulipokuwa tunashuka nilimwomba Kijun ufunguo wa nyumba ya mama yake. Alisema alitaka kuifunga mpaka baada ya kujifungua kwa Yeseul. Nikamwambia aifunge tarehe ishirini na moja Oktoba, siku moja baada ya maziko. Akaniangalia, akautoa mfukoni.

Sasa naishi huku ng'ambo ya kijito. Asubuhi nafunua mitungi ya sosi, jioni naifunika. Kila Ijumaa napanda basi la saa tatu kwenda hekaluni; zimebaki Ijumaa mbili. Sherehe ya mwezi mpevu wa mavuno ilipita, sikuvuka daraja. Baba Dasom huleta uji saa nne na saa kumi, huuweka barazani, hugonga nguzo mara moja, na kuondoka. Huwa nasubiri mpaka hatua zake ziishe, kisha natoka nauchukua.